Kulinganisha nota za Stephen Sondheim: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni maonyesho gani yaingie kwenye ulinganisho?

Yale ya Sondheim, mtunzi Mmarekani wa tamthilia za muziki, ambayo muziki na maneno vyote ni vyake. Watu wengi hujikwaa hapa kabla hawajaanza. West Side Story (1957) lina maneno ya Sondheim, lakini muziki ni wa Leonard Bernstein. Gypsy (1959) ni muziki wa Jule Styne, na Do I Hear a Waltz? (1965) ni wa Richard Rodgers. Ukiyachanganya haya na mengine, utampima mtunzi kwa kazi ya mwenzake.

Makuu yanayobaki ni haya: A Funny Thing Happened on the Way to the Forum (1962), Anyone Can Whistle (1964), Company (1970), Follies (1971), A Little Night Music (1973), The Frogs (1974), Pacific Overtures (1976), Sweeney Todd (1979), Merrily We Roll Along (1981), Sunday in the Park with George (1984), Into the Woods (1987), Assassins (1990), Passion (1994), Road Show (lililofika New York mwaka 2008 baada ya kubadilishwa jina na umbo) na Here We Are (2023), lililoonyeshwa baada ya kifo chake cha Novemba 2021. Usijaribu kuyalinganisha yote kwa mpigo. Mawili yanatosha kwa kuanzia, na matatu ni mengi.

Nianze na mawili yapi?

Company na Merrily We Roll Along. Sababu ni ya kiufundi: hadithi za yote mawili ziliandikwa na George Furth, mwongozaji alikuwa Hal Prince, na aliyepanga okestra (yaani aliyeamua ala ipi ipige nini) ni Jonathan Tunick. Yametengana kwa miaka 11. Mambo mengine yakiwa sawa, tofauti unayoisikia kuna uwezekano mkubwa imetoka kwa mtunzi mwenyewe au kwa hadithi iliyomlazimisha abadilike. Ukianza na Sweeney Todd dhidi ya Sunday in the Park with George, kila kitu kimebadilika kwa pamoja (mwandishi, mwongozaji, mpangaji wa okestra, ukubwa wa jukwaa) na hutajua tofauti imetoka wapi.

Jozi ya pili nzuri ni Sunday in the Park with George na Into the Woods. Mwandishi na mwongozaji ni yuleyule, James Lapine, na kati yao kuna miaka mitatu tu. Angalia jambo moja: la kwanza lilipangiwa okestra na Michael Starobin, la pili na Tunick. Kwa jozi hii, rangi ya ala isiingie kabisa kwenye hukumu yako.

Ninahitaji vitu gani?

Kwa kila onyesho: kitabu kamili cha nota za sauti na piano, maandishi ya tamthilia, na rekodi mbili za waigizaji tofauti. Ongeza piano au kibodi yoyote, metronomu, penseli, na karatasi yenye safu saba.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kununua kitabu cha nyimbo teule badala ya kitabu kamili. Vitabu teule huchukua nyimbo zinazojulikana, mara nyingi huhamisha ufunguo (kimo cha sauti cha wimbo mzima) ili msomaji wa nyumbani aweze kuimba, na huweka tuni ya mwimbaji kwenye mkono wa kulia wa piano. Kwa Sondheim huo ni msiba, kwa sababu kiini cha wimbo wake mara nyingi kiko kwenye kile piano inachofanya wakati mwimbaji anafanya kingine. Alikuwa akiandika sehemu ya piano kwa ukamilifu kabla ya kumkabidhi mpangaji wa okestra, hivyo kitabu kamili kinakusogeza karibu na kalamu yake. Kitabu teule kinakuachia tuni na kordi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tu.

Dalili za kitabu teule: hakina muziki unaopigwa chini ya mazungumzo, nyimbo hazina namba za mfuatano, na hakuna nota za waimbaji wa pamoja.

Je, solfa inatosha, au lazima nisome nota za mistari mitano?

Solfa inatosha kufuatilia tuni, na kwa kazi ya kutambua kipande cha tuni kinachojirudia ni rahisi zaidi, kwa sababu ufunguo ukibadilika majina ya sauti hayabadiliki. Haitoshi kwa sehemu ya piano. Jifunze angalau kusoma mkono wa kushoto polepole.

Nilinganishe vipi, hatua kwa hatua?

Anza kwa kusikiliza rekodi nzima bila nota, kisha uandike sentensi moja: onyesho hili linajiwekea sheria gani? Hili ndilo swali kuu. Kila onyesho la Sondheim limejengwa juu ya sharti lake lenyewe, na atakayeuliza tu lipi lina nyimbo tamu zaidi hatalifikia sharti hilo. Sentensi yako ya kwanza huenda ikawa na makosa. Iandike hivyo hivyo.

Kisha fungua nota na uchague nyimbo tano kutoka kila onyesho: wa kufungua, wa kumtambulisha mhusika mkuu, wa kufunga sehemu ya kwanza (kama kuna mapumziko), wa mwisho, na mmoja wa kasi. Kwa kila wimbo jaza safu saba: mapigo kwa baa (fungu moja la mapigo katika nota), kasi ya metronomu, sauti ya chini na ya juu ya mwimbaji, kipande cha piano cha baa nne za mwanzo, idadi ya mabadiliko ya kordi katika baa 16 za kwanza, urefu wa msemo kati ya pumzi na pumzi, na mahali ambapo tuni imewahi kusikika kabla.

Safu ya nne ndiyo yenye uzito. Piga baa hizo nne peke yake, bila sauti, mpaka vidole vizizoee. Ukishafanya hivyo kwa nyimbo tano za onyesho moja, zipige mfululizo. Katika Company, utahisi vipande vifupi vinavyorudi bila kutulia, kama simu inayoita. Katika Merrily utahisi kordi pana zaidi na nyimbo zenye umbo la beti na kiitikio, kwa kuwa hadithi yenyewe inahusu watu wanaotunga nyimbo za aina hiyo.

Baada ya hapo rudia sentensi yako ya kwanza na uisahihishe.

Merrily inasimuliwa kinyumenyume. Nifuate mpangilio upi?

Yote mawili, na uandike safu mbili. Hadithi inaanza mwishoni na kurudi nyuma hadi 1957, kwa hiyo mtazamaji husikia marudio kabla ya wimbo wenyewe. Mfano ulio wazi ni “Good Thing Going”. Tunausikia ukiwa umekamilika, kisha baadaye jukwaani (yaani mapema katika maisha ya wahusika) tunausikia ndani ya “Opening Doors” ukiwa bado mchanga, na maneno mengine na kasi nyingine. “Not a Day Goes By” huja kwanza kwa uchungu wa ndoa inayovunjika, kisha hurudi siku ya harusi. Ukipanga kwa mfuatano wa jukwaa pekee utaona vipande vinavyokatika. Ukipanga kwa miaka ya wahusika utaona vinavyokua. Mtunzi alihitaji yote mawili yasikike sawa, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Nimeona nota zangu hazilingani na rekodi. Nimekosea?

Huenda hujakosea. Una matoleo mawili tofauti.

Merrily la 1981 lilifungwa baada ya maonyesho 16, kisha likafanyiwa marekebisho kwa miaka mingi. “Rich and Happy” ukaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na “That Frank”. “Growing Up” ukaongezwa. Mahafali ya shule yaliyofungua onyesho, pamoja na wimbo wake “The Hills of Tomorrow”, yakatolewa. Kwa Assassins, “Something Just Broke” haumo katika rekodi ya kwanza kwa sababu uliongezwa London mwaka 1992. Company lililofanyiwa London mwaka 2018 lina mhusika mkuu wa kike, na funguo zake zimehamishwa kumfuata.

Kabla ya kulinganisha chochote, andika juu ya ukurasa mwaka wa toleo la nota na mwaka wa rekodi. Vikitofautiana, linganisha nyimbo zilizomo kote kuwili tu, na usiseme lolote kuhusu ufunguo.

Rekodi ipi ni ya kuaminika kwa Follies?

Usitegemee ile ya kwanza ya 1971 peke yake. Ililazimishwa kuingia kwenye santuri moja, ambayo pande zake mbili hubeba kama dakika 50, na onyesho hili ni kubwa kuliko hapo. Nyimbo zilikatwa beti, na nyingine ziliachwa nje. Uimbaji wake unabaki na nguvu ambayo ni vigumu kuipata kwingine, kwa hiyo isikilize kwa ajili ya namna ya kutamka na kuigiza. Kwa umbo la nyimbo, tumia tamasha la 1985 lililorekodiwa Lincoln Center pamoja na New York Philharmonic, au rekodi kamili za baadaye.

Sauti ya okestra ni ya Sondheim au ya mpangaji?

Kordi, mapigo na mistari ya ndani ni vya Sondheim. Chaguo la ala ni la mpangaji, naye kwa maonyesho mengi alikuwa Tunick. Ukiandika kwamba Sondheim anapenda filimbi za mbao, huenda unamsifu mtu mwingine.

Jaribio zuri ni Sweeney Todd. Sikiliza toleo la okestra kubwa (lile la Broadway la 2023 lilitumia wapigaji 26 na mpangilio wa Tunick), kisha lile la 2005 lililoongozwa na John Doyle, ambamo waigizaji kumi ndio waliopiga ala zote kwa mpangilio wa Sarah Travis. Kinachobaki kilekile katika yote mawili ni cha mtunzi. Sunday in the Park with George nalo lilianza mwaka 1984 na wapigaji 11 tu. Wembamba wa sauti ya ala usiuhesabu kama wembamba wa utunzi.

Mbegu ya tuni ni nini, na nitaipataje?

Ni kipande kifupi, mara nyingi sauti mbili hadi tano, ambacho nyimbo kadhaa huota kutokana nacho. Katika Into the Woods, linalochanganya ngano za kale, ziko mbili za kuanza nazo. Ya kwanza ni sauti mbili za “I wish”, toni moja nzima kupanda, kama do kwenda re. Ni fupi kiasi kwamba utaanza kuiona kila mahali, na hapo ndipo hatari ilipo: ihesabu pale tu inapoanza msemo au inapoangukia maneno ya kutamani. Ya pili ni sauti tano zinazosikika maharagwe yanapohesabiwa. Sauti hizo hugeuka kuwa wimbo usio na maneno wa Rapunzel mnarani, na huingia pia katika muziki wa mchawi aliyemlea. Ukishaligundua hilo, unaelewa kwamba maharagwe, mtoto na mchawi vilifungwa pamoja na muziki kabla hadithi haijasema.

Katika Sweeney Todd tafuta wimbo wa kale wa kanisa wa kuombea wafu, Dies irae. Sauti zake nne za kwanza kwa solfa ni fa mi fa re. Ziimbe mara ishirini, kisha sikiliza pale kundi linapopanda juu katika balada ya ufunguzi kumwita Sweeney, kinyozi muuaji, anyanyue wembe wake. Zipo.

Mbegu nyingine ya onyesho hilo imefichwa vizuri zaidi. Mama ombaomba ana tuni yake ya mtaani, ya matusi. Tuni hiyohiyo inachezwa kwa adabu kama minueti (dansi ya heshima ya kale) pale Bi Lovett, muuza pai, anaposimulia karamu ya nyumbani kwa hakimu, alikodhulumiwa mke wa Sweeney. Anayesikia kwa makini anajua mwanamke huyo ni nani muda mrefu kabla Sweeney hajajua. Kwa maoni yetu hakuna mahali pengine katika kazi yake ambapo tuni imebeba siri nzito namna hii.

Kosa la kawaida ni kudai undugu kati ya tuni kwa sababu zinafanana kidogo. Kubali undugu pale vitu viwili kati ya vitatu vinapolingana: mpangilio wa sauti, mapigo, na sababu ya kihadithi.

Ni kweli kwamba A Little Night Music lote ni walzi?

Karibu lote linahesabiwa kwa tatu au kwa mafungu ya tatu, lakini si lote ni walzi (dansi ya mapigo matatu). Huko ndani mna mazurka, saraband na aina nyingine za mapigo ya tatu. Gonga meza: ukikuta baa ya 12/8 (mapigo madogo 12), hayo ni mafungu manne ya tatu, hivyo sheria haijavunjwa. “Send in the Clowns” unakwenda kati ya 12/8 na 9/8. Misemo yake mifupi ilikatwa kumfaa Glynis Johns, aliyekuwa na sauti nzuri lakini isiyoweza kushikilia noti ndefu. Usiuite ufupi huo mtindo wa onyesho zima.

Kabla ya kuacha onyesho hili, panga “Now”, “Later” na “Soon” kwenye karatasi moja. Ni nyimbo tatu za watu watatu ambazo mwishoni huimbwa kwa pamoja. Ziimbe mbilimbili kwanza; zikisikika zimegongana, basi kasi yako si moja.

Pacific Overtures nililinganishe na lipi?

Na A Little Night Music, lililolitangulia, ili uone mtunzi yuleyule akijinyima kitu kingine. Hapa tumia safu ya mabadiliko ya kordi. Katika Night Music kordi huteleza karibu kila baa. Pacific Overtures, linaloanza Japani mwaka 1853 kabla meli za Marekani hazijafika, hukaa juu ya kordi moja kwa muda mrefu, na tuni nyingi hutembea katika skeli (ngazi) ya sauti tano. Wageni wanapoingia, muziki unabadilika. “Please Hello” huleta mabaharia wakuu wa mataifa matano, na kila mmoja anaimba kwa mtindo wa kwao: Mmarekani na machi (muziki wa gwaride), Mwingereza na maneno ya haraka ya opera nyepesi, Mfaransa na kan-kan (dansi ya kurusha miguu). Hesabu kordi za ukurasa wa kwanza wa onyesho na za ukurasa wowote wa wimbo huu. Tofauti ya idadi inasimulia uvamizi.

Follies na Assassins yote yanaiga mitindo ya zamani. Tofauti ni ipi?

Katika Follies kuna muziki wa aina mbili, na lazima uutenganishe kabla ya kulinganisha. Nyimbo kama “Broadway Baby”, “One More Kiss” na “Losing My Mind” huiga watunzi wa miongo iliyopita. Nyingine, kama “The Road You Didn't Take”, ni Sondheim wa 1971 akisema na watu waliozeeka. Ukizijumlisha utapata wastani usiokuwapo popote.

Katika Assassins, linalohusu watu waliowaua au kujaribu kuwaua marais wa Marekani, uigaji unafuata enzi ya kila mmoja wao. Onyesho linafunguka na salamu ya heshima ya rais wa Marekani, “Hail to the Chief”, iliyogeuzwa mapigo ya tatu kama muziki wa bembea kwenye viwanja vya burudani. Wimbo wa jaribio la kumuua Roosevelt umejengwa juu ya machi za John Philip Sousa. Hinckley na Fromme wanaimba wimbo wa mapenzi unaoweza kupita redioni miaka ya 1970. Follies linaiga kwa mapenzi. Assassins linachukua tuni ambazo taifa linajivunia na kuzitia mikononi mwa watu lisiotaka kuwakumbuka.

Kwa nini siwezi kuorodhesha nyimbo za Passion?

Kwa sababu onyesho halikuandikwa kwa nyimbo zinazosimama peke yake. Halina mapumziko, na mtunzi aliziba karibu kila mahali ambapo watu wangepiga makofi. Tumia namba za baa na majina ya wahusika, si vichwa vya nyimbo. Ulinganishe muziki wa barua na muziki wa watu wanaozungumza ana kwa ana.

Ni kweli nyimbo zake hazina tuni ya kushika?

Hapana, na malalamiko hayo yeye mwenyewe aliyatia ndani ya “Opening Doors”, kinywani mwa mtayarishaji. Tuni ipo, ila huchelewa kurudi, na piano haimshiki mwimbaji mkono. Chunguza kwa hesabu: je, noti ya mwimbaji imo kwenye sehemu ya piano katika pigo lilelile? Katika wimbo wa kawaida wa jukwaani utaikuta karibu kila baa. Kwa Sondheim mara nyingi utakuta noti iliyo jirani yake, toni moja au nusu toni pembeni. Ndiyo maana anayejifunza tuni peke yake huyumba siku ya kwanza na piano. Jifunze mkono wa kushoto kwanza, kisha uimbe juu yake, na mwisho uongeze mkono wa kulia.

Nitapimaje ugumu wa kuimba?

Usitumie sauti ya juu pekee. Hesabu silabi kati ya pumzi na pumzi kwa kasi iliyoandikwa. “Getting Married Today” wa Company na “Your Fault” wa Into the Woods hauhitaji sauti ya opera hata mmoja, lakini zote mbili humwangusha asiyepanga pumzi. Wa kwanza tatizo lake ni mwimbaji mmoja asiyepata nafasi ya kupumua. Wa pili ni watu watano wanaopokezana: akichelewa mmoja kwa nusu pigo, wanne wanaofuata wanaanguka. Fanya mazoezi kwa robo tatu ya kasi, ukitamka bila kuimba, na usipandishe metronomu zaidi ya alama nne kwa siku.

Filamu zinaweza kuchukua nafasi ya rekodi?

Hapana. Filamu ya Sweeney Todd ya 2007 iliondoa uimbaji wa balada ya kundi, yaani uti wa mgongo wa muziki wote. Into the Woods ya 2014 ilikata pia. Zitazame ukishamaliza karatasi yako.

Here We Are linafaa kulinganishwa na mengine?

Linafaa kwa uangalifu. Sehemu ya pili ina uimbaji mdogo mno, kwa hiyo safu zako nyingi zitabaki tupu. Linganisha sehemu ya kwanza tu, na uiweke kando ya Company: mara nyingine tena kundi la marafiki wenye pesa mezani, miaka 53 baadaye, na mpangaji wa okestra ni Tunick yuleyule.